Pikapu ya zamani kwenye milima ya Bukavu: jua ugonjwa kabla ya kununua kipuri

Hilux ya mazuti (dizeli) ya zamani, yenye injini ya 2L, 3L au 5L, haina siri nyingi. Nyingi kati yake hazina kompyuta inayoamua mazuti yaingie lini. Zina pompa ya mazuti, anjekteri nne za kupulizia mazuti kwenye silenda, mkanda wa distribisyo unaoendesha vali kwa mpangilio, na nyaya chache, basi. Ndiyo maana magonjwa yake mengi hutambulika kwa macho, masikio, pua na multimita ya bei ndogo. Shida ni kwamba dalili moja huwa na vyanzo vinne au vitano, na dereva aliyebanwa na safari ya Walungu hukimbilia kununua kipuri alichosikia jirani akikitaja. Pompa inabadilishwa, kumbe ni filta. Kilasi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silenda, inashushwa, kumbe ni mfuniko wa radiateri.

Kwa kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi kinatangulia, na kipimo kisicho na gharama kinatangulia kile cha gharama. Nimeweka joto na freni mwanzoni kwa sababu katika mji wa vilima hayo mawili hayasubiri mwisho wa mwezi. Gari lisilowaka litakuchelewesha. Gari lisiloshika freni kwenye mteremko wa Ngomo litaua watu waliopanda nyuma juu ya magunia.

Kumbuka pia kwamba Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, injini isiyo na turbo inakosa karibu asilimia 15 ya hewa ambayo ingeipata pwani, na maji kwenye sufuria wazi huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, si 100.

Mshale wa joto unapanda

Ukiwa njiani, usingoje mshale uguse nyekundu. Toa mguu kwenye mafuta, fungua hita ya ndani hadi mwisho, tafuta pa kuegesha. Kama kuna mvuke, zima injini mara moja. Mfuniko wa radiateri usiguswe mpaka mpira mkubwa wa juu uweze kushikwa na kubonyezwa kwa mkono bila kuungua. Hiyo inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Watu wameunguzwa uso na kifua kwa kukosa subira hiyo. Na usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto, ndani wala nje, kwa sababu chuma cha kilasi hupasuka hapo hapo.

Injini ikipoa, anza na maji yenyewe. Yamepungua? Yamepita wapi? Fuata mipira yote kwa kidole, angalia kwenye vibano, chini ya pompa ya maji, na kwenye zulia la upande wa hita. Mvujo uliokauka huacha alama nyeupe au ya kutu hata kama huoni tone.

Kama hakuna mvujo, chukua mfuniko wa radiateri uuangalie vizuri. Kazi yake si kufunika tu, unashikilia presha ili maji yachelewe kuchemka. Hapa ndipo mwinuko wa Bukavu unapoingia. Injini hufanya kazi kwenye nyuzi 80 na kitu hadi 90. Mfuniko ukiwa mzima, maji hayachemki mpaka yapite 110. Mpira wake ukikauka na kupasuka, presha inatoka, na maji yanachemka kwenye 95. Unabaki na nafasi ndogo mno, na mlima mmoja wenye mzigo unaimaliza. Mfuniko ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote katika orodha hii, na wengi hawaufikirii kabisa.

Kisha tazama radiateri kwa nje. Matope ya barabara ya Kamituga na nyasi hukaa katikati ya vile vibati vyembamba, na hewa haipiti. Osha kwa maji ya presha ndogo ukitokea upande wa injini kwenda nje. Kwa ndani, kutu na madini huziba mirija. Injini ikiwa imezimwa na bado ina uvuguvugu, pitisha mkono mbele ya radiateri. Sehemu iliyo baridi katikati ya zenye joto imeziba. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi, usiyatumie ila umekwama. Maji safi ya mvua ni bora, na dawa ya radiateri iliyochanganywa nusu kwa nusu ni bora zaidi kwa sababu inazuia kutu.

Vinavyofuata ni feni na mkanda wake. Zima injini ikiwa ya moto, kisha zungusha feni kwa mkono: inatakiwa kukupinga kidogo. Ikizunguka huru kabisa, kishikio chake cha mafuta mazito kimekufa. Mkanda ulegee kiasi cha sentimita moja tu ukiubonyeza katikati.

Termostati iliyokwama inajionyesha hivi: mshale uko juu, lakini mpira wa juu wa radiateri bado ni baridi. Mafundi wengi huitoa na kuitupa. Mimi sikubaliani nao. Injini isiyofikia joto lake inakula mazuti mengi na silenda zinachakaa haraka. Weka nyingine.

Mwisho ndio jointi ya kilasi, au kilasi yenyewe kupasuka. Kipimo chake ni rahisi. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, jaza radiateri hadi mdomoni, acha wazi, washa, kisha tazama maji. Viputo vichache vya mwanzo ni hewa iliyobaki. Viputo vinavyotoka mfululizo bila kukoma, hasa ukikanyaga kanyagio la mafuta, ni gesi ya silenda inayopenya kwenye maji. Ishara nyingine ni mpira wa juu kuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, maji kupungua bila mvujo, au mafuta ya injini kugeuka meupe mazito chini ya mfuniko wake. Wenye 2L-T, ile ya turbo, wawe macho zaidi, kwa sababu kilasi yake inajulikana kwa kupasuka ikizidiwa joto.

*Simama hapa.* Ukiona viputo hivyo, gari lisitembee. Usikubali "kukaza buloni za kilasi kidogo" ili ufike Uvira. Kilasi inashushwa, inapimwa nyufa, inasawazishwa kwenye mashine, na inakazwa kwa ufunguo wa kupima nguvu. Hiyo si kazi ya kando ya barabara.

Kuna taa moja inayohusiana na haya: ile nyekundu ya mafuta ya injini. Ikiwaka unatembea, zima injini mara moja, hata kama garaji iko mita mia mbili mbele. Pima mafuta kwa kijiti. Yakiwa pungufu, ongeza na utafute yanakovuja. Yakiwa sawa, waya au sensa inaweza kuwa ndiyo yenye kosa, lakini hiyo inathibitishwa na fundi mwenye geji ya presha, si kwa kubahatisha barabarani.

Freni haishiki kama zamani

Tofautisha kwanza namna kanyagio linavyojibu, kwa sababu kila namna ina ugonjwa wake.

*Kanyagio linakuwa laini baada ya mteremko mrefu, kisha linarudi likipumzika.* Kutoka Bukavu hadi Kamanyola unashuka zaidi ya mita 500, sehemu kubwa kwenye kona za Ngomo. Chanzo cha kwanza ni namna ya kushuka: vitesi (gia) ya nne, mzigo wa kupita kiasi, mguu juu ya freni muda wote. Shuka kwa vitesi ya pili, na kwa vitesi ya kwanza kwenye kona kali, injini ikuzuie. Chanzo cha pili ni mafuta ya freni yaliyozeeka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini hunywa unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakishakunywa huweza kuchemka hata kwenye 140. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea bila kusukuma chochote. Chota kidogo kwenye glasi, uyatazame juani: mapya ni ya njano hafifu. Yakiwa rangi ya chai kavu, yatoe yote. Kila miaka miwili yabadilishwe, hata kama yanaonekana kutosha.

Chanzo cha tatu hakitazamwi mara nyingi. Freni za nyuma hazifanyi kazi, kwa hiyo za mbele zinabeba kila kitu. Kwenye Hilux nyingi kuna vali juu ya ekseli ya nyuma, yenye fimbo, inayopima uzito wa mzigo na kuruhusu presha zaidi kwenda nyuma gari likijaa. Kutu na matope huigandisha. Ingia chini, gari likiwa limezuiwa, uone kama fimbo hiyo inasogea.

Ikikutokea njiani, punguza vitesi moja moja, egesha upande wa mlima, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, ngoja. Usimwage maji kwenye diski au ngoma za moto, zinapasuka.

*Kanyagio linazama polepole ukilishikilia.* Angalia kikopo cha mafuta. Yakipungua, kuna mvujo: tazama upande wa ndani wa kila gurudumu, pakiwa na unyevu umeipata. Yasipopungua, mipira ya ndani ya silenda kuu imekwisha.

*Kanyagio linabonyea lakini likipigwa mara tatu linapanda.* Hewa ndani ya mabomba, au garnitiri (brekishuu) za nyuma zimelegea mno. Rekebisha za nyuma kwanza, ndipo utoe hewa, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi.

*Kanyagio ni gumu kama hakuna msaada.* Hapa wengi hawaoni uhusiano uliopo. Kwenye injini hizi pompa ya utupu inayosaidia freni iko nyuma ya alternateri. Mkanda wa alternateri ukikatika, taa ya batri inawaka, msaada wa freni unakwisha baada ya kukanyaga mara chache, na joto linapanda kwa sababu pompa ya maji nayo imesimama. Dalili tatu, mkanda mmoja. Kwa sababu hiyohiyo, usiteremke mtaa wa Nguba na injini imezimwa ili kuokoa mazuti.

*Gari linavuta upande mmoja.* Pima upepo wa matairi kabla ya kitu kingine. Kisha gusa kwa tahadhari kila rimu baada ya safari fupi: iliyo moto zaidi ina pistoni iliyokwama, iliyo baridi haifanyi kazi.

Sasa maonyo. Mafuta ya injini, hata kijiko kimoja, yasiingie kwenye kikopo cha freni, kwa sababu yanavimbisha mipira yote na mfumo mzima unakwisha. Maji ya sabuni yasitiwe humo badala ya mafuta ya freni, huchemka mapema na kuleta kutu. Na ile tabia ya kukunja bomba la gurudumu linalovuja na kulipondaponda kwa nyundo ili safari iendelee, ikataeni. Gari lililojaa watu lenye freni tatu kwenye mteremko linavuta upande mmoja siku utakapohitaji kusimama kweli. Bomba likikatika, fundi anaitwa lilipo gari.

Inakosa nguvu au inazima mlimani

Chanzo nambari moja huku ni mazuti yenyewe. Mazuti ya bidoni za kadhafi, wale wauzaji wa kando ya barabara, yanaweza kuwa safi, lakini huwezi kujua bidoni ilibeba nini jana. Chini ya filta ya mazuti kuna kibomba kidogo cha kutolea maji. Weka chupa inayopenya mwanga, legeza kibomba, sukuma pampu ya mkono iliyo juu ya filta, ujaze kama nusu glasi. Acha itulie dakika moja. Maji yanakaa chini na mazuti juu, mstari unaonekana wazi. Ukiona maji, endelea mpaka yatoke mazuti matupu, funga, sukuma pampu hadi iwe ngumu, ndipo uwashe. Filta yenyewe ikikaa mwaka bila kubadilishwa, ibadilishe bila mjadala.

Pampu ya mkono isipokuwa ngumu, hewa inaingia mahali. Weka kipande cha mpira mwembamba unaopenya mwanga kwenye njia inayoingia pompani, washa, tazama viputo. Kisha rudi nyuma kiungo kwa kiungo hadi tanki.

Gari likizima baada ya kilomita kadhaa na kuwaka tena likipumzika, fungua mfuniko wa tanki. Ukisikia linavuta pumzi, tundu la mfuniko limeziba. Isipokuwa hilo, chujio ndani ya tanki limejaa uchafu.

*Simama hapa.* Mabomba ya chuma kutoka pompa hadi anjekteri yana presha kali sana. Usipime mvujo kwa kidole injini ikiwa inazunguka. Mazuti hupenya ngozi, na hata kitundu kidogo kisichouma ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo. Pompa na anjekteri hupimwa kwenye benchi na wenye benchi.

Moshi

Moshi mweusi: filta ya hewa, hasa Juni hadi Agosti wakati vumbi la Kavumu linapoingia kila mahali. Itoe, itazame dhidi ya jua. Mwanga usipopita, imekwisha. Inayofuata ni anjekteri inayodondosha badala ya kupuliza. Kuna pia magari yaliyokuja na pompa iliyopimwa kwa hewa ya usawa wa bahari: kwa hewa yetu pungufu mazuti yanazidi, na moshi kidogo ukipanda mlima ni wa kawaida. Usimruhusu mtu afungue skurubu ya pompa "ili ipate nguvu". Nguvu hiyo inalipwa kwa joto, na joto tumeshaliona.

Mweupe wa asubuhi unaokwisha haraka ni buji za kupasha joto. Mweupe unaobaki na kunuka mazuti ni anjekteri au majira ya pompa. Mweupe pamoja na maji kupungua, rudi juu kwenye kipimo cha viputo.

Wa bluu ni mafuta ya injini yanayoungua. Ukitoka wakati wa kuwasha tu, ni mipira ya vali. Ukitoka kwenye kila mlima, fungua mfuniko wa mafuta injini ikiwa inanguruma taratibu: ikipumua kwa nguvu na moshi, segma (ringi za pistoni) zimechakaa. Hapo unapanga fedha ya kufungua injini, lakini gari linaweza kuendelea kwa muda ukiongeza mafuta kila siku.

Haiwaki

Kabla mtu hajakuambia "Papa, batri imekufa", safisha vichwa vyake. Unga mweupe au wa kijani unatosha kuzuia umeme. Kisha pima kwa multimita: volti 12.6 batri imejaa, 12.0 imekaribia kuisha. Injini ikiwaka, isome kati ya 13.8 na 14.4, chini ya hapo, alternateri au mkanda wake.

Washa taa kubwa halafu geuza ufunguo. Taa zikififia sana, ni batri au kebo, na usisahau ile inayoshika injini na bodi. Taa zikibaki kali na unasikia "tak" moja tu, ni demareri, yaani mota inayozungusha injini ikiwashwa. Ndani yake kuna vipande viwili vya shaba vinavyoliwa na cheche hadi vinabaki na shimo. Fundi wa umeme anaviweka vipya bila kubadilisha demareri nzima. Muulize kabla ya kununua.

Ikizunguka vizuri bila kuwaka asubuhi ya baridi, pima buji kwa multimita. Nzima inasoma chini ya omu chache, iliyoungua haisomi chochote. Zikiwa nzima zote, tafuta rele yake. Kisha geuza ufunguo bila kuwasha na sikiliza pompa: "tik" ndogo inatoka kwenye kifungo cha umeme kinachoruhusu mazuti. Kimya maana yake waya au kifungo. Dawa ya kupuliza kwenye hewa ili iwake, usiitumie kwenye injini yenye buji hizi. Inalipuka kabla ya wakati na kuvunja segma.

*Simama hapa.* Injini iliyozima ghafla ukitembea, na sasa inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, huenda imekata mkanda wa distribisyo. Kila unapoendelea kujaribu, pistoni zinagonga vali. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukinunua gari lisilo na historia, ubadilishe wiki hiyohiyo.

Ambreyaji, usukani na milio

Injini ikipanda sauti mlimani bila gari kuongeza mwendo, ambreyaji (klachi) inateleza: angalia kwanza kama kanyagio lina nafasi ya bure, ndipo uifikirie diski. Vitesi zikigoma kuingia, tazama mafuta ya ambreyaji na silenda ndogo iliyo ubavuni mwa sanduku la vitesi. Mara nyingi ndiyo inayovuja.

Usukani ukitetemeka, inua gurudumu la mbele moja baada ya jingine. Jeki ikae juu ya ubao mnene, mawe yazuie magurudumu mengine, na usiingize mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, litikise: likicheza, ni rulema (beringi) ya gurudumu au rotili (bolijointi). Shika kushoto na kulia: ni vichwa vya fimbo za usukani. Rotili inayocheza haivumiliwi hata kwa safari ya kurudi nyumbani, kwa sababu ikitoka, gurudumu linalala upande.

Mlio wa "tak" unapoachia ambreyaji hutoka kwenye misalaba ya kardani, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Ipake grisi kwenye vichuchu vyake kila mwezi wa mvua. Ukiishika kwa mkono, gari likiwa limezuiwa na vitesi imetolewa, na ukahisi inacheza, badilisha msalaba kabla kardani haijachomoka na kupiga bomba la freni la nyuma.